Kioo Kilichotazama Paa

Niliondoka Norsborg, pembeni mwa Stockholm huko Uswidi, kwa sababu mtu mmoja alikuwa hataki nimwone. Mdogo wangu wa mwisho, Neema, aliyeko Amerika, aliniambia kwamba amepata mchumba anayeitwa Héritier, Mkongomani kama sisi, na kwamba hataolewa mpaka mimi niende nimtazame. "Ukisema hapana, yaya, ni hapana," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Lakini kwa miezi minane, kila nilipopiga simu ya picha, mwanaume huyo alikuwa ametoka chumbani dakika ile ile. Neema alisema ana haya. Mimi nilisema moyoni kwamba haya ya miezi minane ina jina lingine.

Wazazi wetu walitufia katika kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaacha darasa la sita ili niwalee wadogo zangu wawili. Baadaye mzee mmoja wa kambini, aliyekuwa akisaidia kuandika majina ya wanaosafirishwa kwenda Amerika, alikaa nami mlangoni, akanitazama usoni bila kupepesa, akaniita mwanangu, akaniapia kwamba sisi watatu tutaondoka pamoja. Orodha ilipotoka, Neema alikuwamo pamoja na shangazi yetu. Jina langu na la mdogo wangu wa kiume, Amani, hayakuwamo; mahali petu palikuwa na majina ya watoto wa mzee yule. Neema alipanda basi akiwa na miaka tisa; shangazi alifariki muda mfupi baada ya kufika Amerika. Sisi wawili tulikuja Uswidi miaka minne baadaye kwa njia nyingine. Tangu siku ile mimi si mtu wa kuamini. Ni mtu wa kukagua.

Mwezi wa kumi nilipewa likizo ya siku tisa. Mwenzangu wa kazini, Mama Shiru, Mkenya wa Nakuru ambaye tunahudumia naye wazee majumbani, alinisindikiza hadi kituo cha treni na ushauri wake. "Mwanaume anayejificha ana mke mahali," alisema. "Uende kukagua, si kutalii. Na umwangalie macho. Macho hayana makaratasi ya uongo." Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Hata mwalimu wangu wa Kiswidi, zamani, alitufundisha hivyo hivyo kabla hatujaenda kuomba kazi: shika mkono kwa nguvu, tazama machoni, la sivyo watadhani una la kuficha. Nimeishi kwa somo hilo hadi leo.

Boise, katika jimbo la Idaho, jioni. Baada ya ndege tatu nilitoka kwenye mlango wa wasafiri, na Neema akanirukia shingoni mbele ya watu wote. Nilipomwachia, niliona nyuma yake kijana mrefu mwenye kofia, amesimama kando kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni mwingine. Nikanyoosha mkono. Hakuushika. Aliinama kidogo, akitazama viatu vyangu, akachukua sanduku langu, akalipeleka hadi kwenye gari la Neema, akaliweka chini. Halafu akaondoka kwenda kazini. Ni dereva wa lori la maziwa. Mkono wangu ulibaki hewani mpaka Neema akaushika yeye.

"Ndiye huyo?" niliuliza.

"Ndiye huyo."

"Ana macho?"

Neema alicheka njia nzima hadi Twin Falls anakoishi, mwendo wa saa mbili. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Twin Falls, siku ya pili. Mji huo umekaa ukingoni mwa korongo refu, na daraja lake liko juu sana hivi kwamba mto chini unaonekana kama uzi. Nilipika siku nzima: sombe ya majani ya muhogo, ndagala, yaani dagaa wakavu, nilizokuwa nimezibeba kutoka Stockholm, na bugali, ugali wa kwetu. Nilitaka kumwona mwanaume huyo akila, maana mtu akila husahau kujilinda. Alikuja jioni, akasimama nje ya mlango. Neema alimwita aingie. Akasema ameshiba. Kumbe hata harufu ya ndagala ilikuwa imefika barabarani, na mtu aliyetoka kazini anasema ameshiba! Nilimsikia akimwambia Neema kwa sauti ya chini, "Uliza mama kama alilala muzuri." Mama! Mimi nina miaka thelathini na tisa, yeye thelathini na mmoja. Nilijua sisi huita kila mwanamke mama, lakini lilinichoma.

Usiku huo nilimwambia Neema kwamba chakula changu kimedharauliwa. Aliendelea kukifungasha kwenye vibakuli.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, tulianza safari yenyewe. Shangazi yake Héritier, Mama Cécile, ndiye aliyebaki kuwa mzazi wake, na anaishi Missoula, katika jimbo la jirani la Montana. Huko ndiko familia zingeonana na mimi ningetoa neno langu. Simu ya Neema ilikuwa inaonyesha njia mbili. Moja ilikuwa barabara pana ya magari ya kasi. Nyingine ilikuwa barabara namba 93, ambayo inapanda kaskazini kupitia milima yote ya Idaho, njia moja kwenda na moja kurudi, na miji midogo iliyoachana mbali. Muda wa njia zote mbili ulikaribiana. Héritier alichagua 93. Nilimuuliza Neema kwa nini. Neema alimuuliza yeye. Yeye akasema, "Ile kubwa iko na malori mingi." Dereva wa lori anaogopa malori!

Waliniketisha nyuma. Neema akakaa mbele. Kabla hajawasha gari, Héritier aliinua mkono, akashika kile kioo cha katikati ambacho dereva hutazamia nyuma, akakisukuma juu hadi kikawa kinatazama paa la gari. Halafu akasukuma kitu chini ya kiti chake: mfuko wa plastiki wa buluu, umefungwa fundo. Vyote viwili niliviona, nikanyamaza. Anayekagua hapigi kelele.

Baada ya daraja, nchi ilikuwa tambarare na kavu, mashamba yaliyovunwa na mabomba marefu ya kumwagilia yaliyosimama juu ya magurudumu. Tulipita mji wa Shoshone, halafu Richfield, na saa saba kasoro tukasimama kwenye kijiji cha Carey, kwenye kituo cha mafuta. Mimi na Neema tulinunua mikate yenye nyama. Héritier alichomoa mfuko wa buluu, akazunguka nyuma ya jengo, akapotea kama robo saa. Aliporudi alikuwa anafuta mikono kwenye suruali.

"Alienda wapi?" nilimuuliza Neema.

"Yaya, labda alienda chooni."

"Na mfuko?"

Neema alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Hilo nalo nililiandika kichwani.

Saa nane tuliingia kwenye mawe meusi. Kwa mwendo mrefu ardhi yote ilikuwa imemwagikiwa na moto wa kale ukaganda: mawimbi ya mawe, mashimo, kamba za mawe zilizojisokota. Neema alisema Wamarekani huja hapa kushangaa, wanasema ni kama mwezi. Mimi sikuona mwezi. Niliona Goma, mahali ambapo mama yetu alinipitisha mgongoni juu ya mawe kama hayo, ya volkano. Nilisema jina hilo tu, Goma. Héritier akapunguza mwendo bila kuambiwa, akaendesha polepole mpaka mawe yakaisha.  Nilijaribu kuutafuta uso wake kwenye kioo. Nikaona kitambaa cha paa.

Mbele ya mji wa Arco tuliuvuka mto ambao, Neema alisema, hauna mwisho wa kuonekana: unatoka milimani, unafika huku, unazama ardhini wote. Nilifikiri, hata mito ya hapa ina siri.

Kutoka Arco milima ilitukaribia pande zote mbili. Upande wa kulia ulisimama mlima mkubwa kuliko yote ya jimbo hilo, Borah, wenye theluji mpya kichwani. Bondeni kulikuwa na ng'ombe weusi, miti yenye majani ya njano kando ya kijito, na barabara iliyonyooka mpaka macho yakachoka. Kwa saa nzima tulipishana na magari ambayo ningeweza kuyahesabu kwa vidole. Simu zilipoteza mtandao. Nilitambua basi kwamba niko nchi ya watu, nyuma ya mwanaume asiye na uso, mahali ambapo hata nikipiga kelele watasikia ng'ombe tu. Nikakaza mkoba wangu. Ndani yake mlikuwa na pasi, pesa ya tiketi, na picha moja ya wazazi.

Saa kumi na moja jioni, Challis. Kituo cha mafuta, mfuko wa buluu, nyuma ya jengo, robo saa. Safari hii simu yake iliyokuwa kwenye kiti ililia. Aliporudi na kuona jina la aliyepiga, aliigeuza kifudifudi.

Usiku tulilala Salmon, mji mdogo kando ya mto wenye jina hilo hilo. Héritier alisema kupitia kwa Neema kwamba mbele kuna mlima mrefu na theluji inatarajiwa, heri tuupande mchana. Neema alikuwa ameagiza vyumba viwili hotelini, kimoja chetu na kimoja chake. Asubuhi nilipofungua pazia, gari lilikuwa pale pale uani, vioo vyake vimepigwa ukungu kwa ndani na barafu kwa nje. Mlango ukafunguliwa, Héritier akatoka amekunja mabega, akaanza kukwangua barafu. Chumba chake, yule mama wa mapokezi alituambia, hata ufunguo hakuuchukua.

"Mdogo wangu," nilimwambia Neema tukiwa tunapiga mswaki, "mtu anayekataa kitanda katika baridi hii anakimbia nini?"

"Nilimuuliza. Alisema hawezi kulala nyumba moja na wewe."

"Na wewe ukaona ni sawa?"

"Nikaona ni vituko vya wanaume," alisema na povu mdomoni. "Mimi nitajuaje, yaya? Nilikua na nani wa kuniambia?"

Neno hilo lilinikata, kwa sababu wa kumwambia nilipaswa kuwa mimi. Tuliingia garini na nikawa nimeshaamua. Ningefika Missoula, ningemsalimia huyo shangazi kwa adabu, halafu ningesema hapana.

Siku ya nne, saa nne asubuhi. Baada ya kijiji cha North Fork barabara iliacha mto mkubwa, ikaanza kupanda kwa kujikunja ndani ya misonobari. Theluji ilikuwa pembeni tu, kisha juu ya matawi, kisha barabarani. Juu kabisa ni njia ya mlimani inayoitwa Lost Trail, na hapo ndipo Idaho inaishia na Montana inaanza. Kuna jengo dogo la kupumzikia wasafiri. Gari likasimama. Neema alikimbilia chooni. Héritier alichukua mfuko wake wa buluu, akaenda nyuma ya jengo.

Nilihesabu hadi ishirini, nikamfuata. Theluji ilifika vifundoni. Nilijiandaa kwa chupa, kwa madawa, kwa simu ya pili yenye sauti ya mwanamke.

Alikuwa amechuchumaa akiuegemea ukuta, amevua glavu. Kwenye magoti yake kulikuwa na kibakuli changu cha plastiki. Alikuwa anakula sombe yangu, baridi, kwa mkono, na bonge la bugali lililokuwa gumu kama jiwe. Ndagala alikuwa amezipanga kwenye kifuniko ili zisiishe haraka.

Aliposikia theluji ikilia chini ya viatu vyangu alishtuka, kibakuli kikataka kumwanguka. Akageuka upesi akaupa ukuta uso wake, akafunika kichwa na mkono uliokuwa safi.

"Mama, pardon," alisema. "Usikaribie. Niko nakula."

"Naona unakula. Kwa nini unakula kama mwizi?"

 Pumzi yake ilikuwa inapanda kama moshi.

"Kwetu mutu hakule mbele ya mama mkwe," aliuambia ukuta. "Hamutazame. Hamushike mukono. Halale nyumba moja naye, mpaka siku mama mwenyewe anamufungulia. Bibi yangu alinifundisha hivi. Sasa mama wa Neema ni wewe. Hana mwingine."

Nilisimama. Nilitaka kuuliza swali langu la pili, la mfuko wa buluu, na swali lilikuwa limejijibu. Carey ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Challis, cha jioni. Hata hivyo niliuliza lililobaki.

"Na barabara hii? Kwa nini hatukupita ile kubwa?"

"Kile kioo, mama. Kikikaa sawa, ninakutazama njia yote. Nikikigeuza, ninabaki na vya pembeni tu. Kwa ile kubwa, na malori vile, ningewaua."

Nimelea watoto wawili. Nimesaini karatasi zao za hospitali, nimekwenda kwenye mikutano ya shule ya Amani bila kujua Kiswidi, nimewanyima na nimewapa. Katika miaka ishirini na nne hakuna mtu aliyewahi kuniweka mahali pa mama yangu akanistahi hapo. Na huyu aliyefanya hivyo, nilikuwa nimempangia neno la hapana. Desturi hiyo niliwahi kuisikia nikiwa mdogo. Wanaume wa kwetu walikuwa wakiruka shimoni njiani wakimwona mama mkwe. Lakini nilidhani mama mkwe ni bibi kizee. Sikujua kwamba naweza kuwa mimi, mwenye jaketi jekundu la kununua madukani Skärholmen.

 Niliona tu kwamba bugali limekuwa jiwe, nikarudi zangu garini. Neema aliniuliza nimetoka wapi. Nilimwambia nilikuwa natazama mpaka wa Montana.

Njia ya kuteremka ilikuwa ndefu. Bonde la upande ule lina misonobari ya ajabu, inayogeuka dhahabu na kudondosha sindano zake kama miti ya majani. Tulipita Darby, tukapita Hamilton, nyumba zikaanza kusogeleana. Mimi nilikuwa natazama kisogo cha yule kijana. Nilikuwa bado nakagua. Nilijiambia kwamba hata mwongo anaweza kujificha nyuma ya heshima, tena kujificha vizuri.

Saa nane mchana, Missoula. Mama Cécile alitupokea kwa kelele za furaha, mwanamke mfupi mwenye kitenge cha sikukuu. Sebuleni palikuwa na makochi na benchi, na viti viwili vya mbao vimetazamana katikati. Nilikwenda kukaa kwenye benchi kando ya Neema, kama ninavyokaa siku zote. Mama Cécile alinishika mkono, akaniinua.

"Hapo wanakaa wadogo," alisema. "Kiti cha mama ni hiki."

Nilikaa.  Dirishani nilimwona Héritier akikusanya majani uani, ametupa mgongo, amekusanya rundo lile lile mara tatu.

Nilimuuliza Mama Cécile yote niliyotoka nayo Stockholm. Je, ana mke mahali? Ana mtoto? Anakunywa? Amewahi kumpiga mtu? Mama Cécile alijibu moja moja, bila kukasirika, na alipofika kwenye kunywa alisema bia mbili siku ya mpira, tatu wakifungwa. Nikapenda kwamba hakusema hanywi. Simu ile iliyogeuzwa kifudifudi sikuiuliza. Mpaka leo sijui ni nani aliyepiga. Nimemwambia Neema aijue yeye, kwa sababu ndiye atakayeishi nayo.

Halafu nilitoa picha ya wazazi wetu, nikaiweka magotini, nikasema neno langu. Nilisema ndiyo. Neema alianza kulia kabla sijamaliza, na uani yule kijana aliacha kusogeza majani. Kwa mujibu wa desturi hiyo, ningeweza kumfungulia siku ile ile, kwa kumpa chakula kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Cécile aliniuliza kama nitafanya hivyo. Nilisema bado. Mama anayefungua mlango siku ya kwanza hajui bei ya mlango. Nitamfungulia siku ya ndoa, Mungu akipenda.

Siku ya sita tulirudi kwa barabara ile ile ya 93. Safari hii sikusubiri. Walipokuwa wanapakia mizigo, niliingia garini wa kwanza, nikainama mbele kati ya viti, nikakisukuma kile kioo mpaka kikatazama paa. Nikarudi nyuma, nikakaa. Héritier alipoingia, mkono wake uliinuka kama kawaida, ukakikuta kimeshageuzwa, ukabaki hapo kidogo. Halafu akawasha gari. Pale Challis nilimwambia Neema kwa sauti ya kusikika kwamba nina njaa na sisi wawili tutakula ndani, tena taratibu, na mtu asiharakishwe. Nilikuwa nimepika upya kwa Mama Cécile. Bugali nilikuwa nimelifunga kwenye taulo ili lisipoe.

Norsborg, jioni ya siku ya tisa. Ilikuwa inanyesha. Mama Shiru alikuwa ananisubiri kwenye ngazi za kituo na mwavuli wake, hata sanduku hakunipokea kabla ya kuuliza.

"Alikutazama machoni?"

"Hata mara moja."

"Si nilikwambia! Ukakataa?"

Nilifikiria yule mzee wa kambini na macho yake yasiyopepesa. Nilifikiria miaka yote niliyopima watu kwa kipimo cha mwalimu wa Kiswidi, ambacho ni kizuri, lakini ni cha watu wake. Kukagua sitaacha. Nimejifunza tu kwamba kabla ya kuuliza mtu anaficha nini, niulize kwanza ameniweka mahali gani.

"Nimekubali," nilisema. "Sogeza mwavuli huku, unamlowesha mama mkwe wa watu."